Kumwandaa mmisionari mgeni kuhubiri Mtwara na Lindi

Mmisionari anayefika huku akitokea chuo cha lugha, tuseme Makoko kule Musoma, mara nyingi anaijua sarufi kuliko waumini wake. Kinachomkwamisha ni adabu yetu. Ibada ikiisha ataambiwa "Umehubiri vizuri, Padre", hata kama nusu ya kanisa haikuambulia kitu. Mzee wa Newala hamsahihishi mgeni mbele za watu. Ndiyo maana kabla ya jambo lolote anatafutiwa mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumkosoa waziwazi, na mara nyingi anayefaa ni katekista, yaani mwalimu wa dini.

Asianzie kwenye mahubiri. Kwanza asome Injili Jumapili kadhaa, kisha aongoze maombi, ndipo ahubiri dakika 5. Kwa mwendo wa mgeni, hizo ni kama maneno 400. Akizidisha ataanza kumeza silabi. Aandike kwa herufi kubwa, aweke alama ya mkwaju (/) kila penye pumzi, na sentensi zake zisipite maneno 12 hivi. "Ambaye" tatu ndani ya sentensi moja ni dalili kwamba amefikiri kwa lugha ya kwao kwanza. Katikati ya wiki katekista amsomee andiko zima la mahubiri, mgeni arekodi kwenye simu, asikilize akifuatisha kwa sauti, na Jumamosi arudie bila kuinamia karatasi.

Makosa yanayoharibu ujumbe si mengi, ila yanajirudia. "Tumwombee Mungu" inamfanya Mungu ndiye mwenye shida. Ni "tumwombe Mungu", na "tuwaombee wagonjwa". "Yesu amekufa" inasikika kama taarifa ya msiba wa leo asubuhi: alikufa, akazikwa, akafufuka. Hiyo -ka- ndiyo inayobeba hadithi, na mgeni asiyeizoea husimulia Injili nzima kwa -li- mpaka watu wanasinzia. Halafu kuna Roho Mtakatifu: husemwa "anashuka", kwa kuwa si kitu "inashuka" haifai, ingawa "roho yangu inahuzunika" ni sawa. Lafudhi yenyewe isimsumbue sana. Watu wanaizoea haraka, mradi mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho.

Sasa kipimo. Kuuliza "mmeelewa?" ni kupoteza muda, jibu ni "ndiyo" siku zote. Katekista awaombe watu watatu, bibi mmoja, kijana mmoja na mtoto wa kipaimara, kila mmoja kwa wakati wake, wamsimulie yeye katekista kile Padre alichosema. Mgeni asiwepo. Wote wakikwama mahali pamoja, pale ndipo andiko linaporekebishwa. Wakisimulia mfano tu bila fundisho, mfano ulikuwa mrefu mno.

Mifano nayo ichaguliwe kwa mahali. Nyavu zinaeleweka Mikindani bila maelezo. Tandahimba afadhali mkorosho, unaopogolewa matawi ili uzae, kuliko kuhangaika na mzabibu ambao wengi hawajauona. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa au wa minada ya korosho, ahubiri kifupi zaidi.

Masikio yake yafundishwe Kiswahili cha kusini pia. Atasikia "ntu" na "ntoto" kwa mtu na mtoto. Aelewe, lakini asiige mimbarini, itaonekana anawacheka watu.

Vijijini bado kuna wazee ambao Kimakonde, Kimwera au Kimakua ndicho kinachowaingia. Hili si jipya: kituo cha misheni cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876, Askofu Mwanglikana Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, na Chauncy Maples aliyefanya kazi huko alikusanya maneno ya Kimakua na kuyachapisha. Mgeni wa leo atumie mkalimani, amgawie sentensi mojamoja, ampe andiko tangu Ijumaa, na asitie utani ambao mkalimani hakuusikia kabla. Muda unazidi mara mbili, kwa hiyo andiko likatwe nusu.

Mazishini hali ni nyingine. Huku ndugu wa marehemu wengi ni Waislamu na watakaa pale mpaka mwisho. Dakika 3 zinatosha: ataje jina la marehemu kwa usahihi (alifanyie mazoezi na familia kabla), awape pole wafiwa wote, asilinganishe dini, kisha amwachie katekista.