Kontrola ya bustani haijui kitu: ya kusikia na ya kweli kuhusu kumwagilia majani Dodoma

Saa tano asubuhi, mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma unavuma mpaka mabati yanalia. Jirani yangu wa Iyumbu, mzee mstaafu, kasimama getini na shati limelowa ubavu mmoja. Vinyunyizi vyake vinarusha maji, nusu yanaangukia majani, nusu yanavuka ukuta kwenda kuwaogesha bodaboda waliopaki nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hili dude. Fundi kalitega saa kumi na moja alfajiri, lenyewe linaamka saa tano."

Nikafungua kifuniko cha kontrola, ile mashine inayowasha na kuzima vinyunyizi kwa saa iliyotegwa. Kwenye kioo pameandikwa 11:00 AM. Dude halikukosea hata dakika. Fundi alihesabu kwa Kiswahili, mashine inahesabu kwa Kizungu, na 11:00 AM ya Kizungu ndiyo saa tano yetu asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri ilipaswa kuandikwa 5:00 AM. Wengine hukosea upande wa pili: wanaweka 5:00 sawasawa ila wanaiacha ikiwa PM, bustani inaoga jioni. Kama mashine yako inakubali saa 24, itumie hiyo, utaondokana na AM na PM kabisa.

Tangu watu waanze kujenga kwa kasi huku Iyumbu, Kisasa, Ilazo na Nzuguni, vifaa hivi vimekuwa vingi, na maneno yanayovizunguka yamekuwa mengi kuliko vifaa vyenyewe. Karibu yote yanatoka kwenye imani moja, kwamba kontrola ina akili. Ni saa ya ukutani iliyofungwa nyaya. Muda ukifika inapeleka umeme mdogo wa volti 24 kwenye valvu, lile lango la maji kwenye bomba, valvu inafunguka, dakika zikiisha umeme unakatwa, valvu inajifunga. Kama tangi lina maji au la, kama jana mvua ilinyesha, kama udongo wako ni mfinyanzi au kichanga, yenyewe haina habari.

"Kila kanda ipewe saa yake ya kuanza"

Hili ndilo kosa linalomaliza maji ya watu wengi, na nimelikuta hata kwa mafundi wazoefu. Tuseme bustani ina kanda nne, yaani sehemu nne, kila moja na valvu yake, na kila moja unataka imwagiliwe dakika 10. Mtu anafikiri hivi: kanda ya kwanza saa kumi kamili alfajiri, ya pili saa kumi na dakika kumi, ya tatu na ishirini, ya nne na thelathini. Anaingiza saa nne za kuanza na kwenda kulala akiwa na amani.

Saa ya kuanza ni ya programu nzima, yaani ratiba ya kanda zote, haimilikiwi na kanda. Ikifika saa kumi, kontrola inafungua kanda ya kwanza, ikimaliza inahamia ya pili, ya tatu, mpaka ya nne, yenyewe bila kuambiwa. Ukiipa saa nne za kuanza umeiambia irudie mzunguko wote mara nne. Na kwa kuwa saa hizo zinapandana, mashine nyingi huzipanga foleni: zinamaliza mzunguko mmoja, zinaanza unaofuata. Dakika 40 ulizokusudia zinakuwa 160. Kama kila kanda inatumia lita 20 kwa dakika, badala ya lita 800 umemwaga 3,200. Kwa mwenye tangi la lita 5,000 na maji ya bomba yanayokuja kwa zamu, hayo ni maji ya kufulia, kupikia na kuogea yaliyokwenda ardhini kabla hujaamka.

Kwa hiyo: saa moja ya kuanza, kisha dakika za kila kanda, kisha siku. Mambo matatu tu. Ukishamaliza, pitia programu B na C, zile ratiba za ziada baada ya A, uhakikishe hazina saa yoyote ya kuanza, maana baadhi ya mashine hutoka kiwandani zikiwa zimetegwa, na nyingine zinabaki na mipango ya majaribio ya fundi. Bustani inayomwagilia mara mbili bila sababu, tazama huko kwanza. B ina kazi yake halali: miti ya matunda au mizabibu iliyo kwenye mipira ya matone haihitaji ratiba ya majani, ipe programu yake.

"Kidogo kidogo kila siku ndiyo afya"

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwenye udongo wa Dodoma haba na haba hukausha bustani. Maji ya dakika tatu yanalowesha kidole kimoja cha udongo, jua la saa nne linayarudisha hewani. Mizizi nayo inajifunza kukaa juu, palepale maji yanapopatikana, na siku pampu ikifa majani yanakauka ndani ya siku chache. Ukimwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki, mizizi inayafuata maji chini.

Kiasi gani? Hapa hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kanuni inayotumika sana kwa majani ya bustani ni kama milimita 25 kwa wiki wakati wa ukame, upepo na joto vikizidi nayo inapanda. Bustani ya mita za mraba 100 itakula lita 2,500 kwa wiki. Fanya hesabu hii kabla ya kununua majani, si baada. Na kama hesabu inakutisha, punguza bustani, au panda ukoka: unavumilia ukame, unakuwa wa kahawia kiangazi na kuamka mvua zikirudi. Majani ya paspalam ya kijani kibichi mwezi wa kumi ina gharama yake.

Kujua vinyunyizi vyako vinatoa milimita ngapi, chukua makopo sita ya nyanya yaliyonyooka ubavuni, yatawanye kwenye kanda moja, washa dakika 15, pima kina kwa rula. Yakiwa na milimita 5 kwa wastani, una milimita 20 kwa saa. Kopo moja likijaa na lingine likawa kavu, tatizo halimo kwenye kontrola, ni mpangilio wa vinyunyizi, na dakika za ziada hazitalitibu. Mara nyingi utakuta kanda moja imechanganya vinyunyizi vinavyopuliza mahali pamoja na vile vinavyozunguka. Vya kupuliza vinamwaga maji mara mbili tatu zaidi kwa saa. Hakuna dakika zitakazowaridhisha wote wawili, watenganishe.

Sasa, udongo mzito wa mfinyanzi hauwezi kumeza milimita 10 kwa mkupuo. Baada ya dakika chache maji yanaanza kutembea kuelekea getini. Hapo ndipo zile saa nyingi za kuanza, nilizozisema vibaya hapo juu, zinapata heshima yao. Badala ya dakika 15 mfululizo, weka dakika 5 kwa kila kanda na saa tatu za kuanza: 4:00 AM, 5:00 AM na 6:00 AM. Kanda nne zitamaliza ndani ya dakika 20, udongo utapata dakika 40 za kunywa, kisha duru nyingine. Maji ni yaleyale, tofauti ni kwamba yanabaki kwako.

Majani yaliyopandwa wiki hii hayahusiki na haya yote. Hayo yanahitaji unyevu wa kila siku mpaka yashike.

"Ukimwagilia mchana, matone yanaunguza majani kama lenzi"

Hapana. Kwenye majani laini ya bustani tone linakauka kabla ya kuunguza chochote. Sababu ya kuacha mchana ni upepo na mvukizo, mwulizeni mzee wa shati lililolowa. Alfajiri upepo umetulia na majani yanakauka jua likitoka. Usiku wa manane si dhambi hapa kwetu kwenye hewa kavu, ingawa majani yanayolala na maji yanakaribisha ukungu, hasa msimu wa mvua.

"Ukishafunga kontrola, maji yatakuwa na nguvu"

Kontrola haisukumi maji. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 4 linakupa presha ya kama baa 0.4, kwa sababu kila mita 10 za kimo ni karibu baa moja. Vinyunyizi vya kupuliza vinataka kama baa 2, vya kuzunguka karibu 3. Ndiyo maana vinakojoa badala ya kurusha, na mwenye nyumba anaongeza dakika akidhani muda utakuwa nguvu. Unahitaji pampu, au uachane na vinyunyizi, utumie mipira ya matone inayoridhika na presha ndogo.

Na pampu ikiingia, soma hili mara mbili. Kwenye kontrola kuna tundu la pampu, mara nyingi limeandikwa P au MV. Wapo wanaopeleka waya wa pampu humo moja kwa moja. Tundu hilo linatoa volti 24 za ishara tu, za kuamsha rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, na rilei ndiyo inayowasha pampu yenye volti 230. Kazi hiyo mpe fundi umeme. Mwambie pia aweke swichi ya boya ndani ya tangi, kwa kuwa kontrola itaendelea kuita pampu hata tangi likiwa tupu, na pampu inayozunguka kavu haidumu.

"Umeme ni umeme"

Ndugu aliye Marekani anakuletea mashine nzuri, unaichomeka, inatoa moshi. Kule majumbani wanatumia volti 120 na hezi 60, sisi 230 na 50. Soma maandishi kwenye transfoma kabla ya kuchomeka. Ikiwa transfoma iko nje kama chaja, unaweza kutafuta nyingine ya 230 inayotoa volti 24 za AC, zenye ampea zilezile au zaidi. AC, tafadhali. Chaja ya kompyuta ya mpakato inatoa DC na haitafaa.

Kuhusu betri ndogo ya volti 9: haifungui valvu. Kazi yake ni kulinda saa isipotee umeme ukikatika. Ikifa, umeme ukirudi kioo kinawakawaka 12:00, ratiba yako inaweza kuwa salama kwenye kumbukumbu huku saa ikiwa ya uongo, na bustani inaanza kumwagilia wakati wa swala ya Ijumaa, watu wakiwa wamevaa.

"Kanda haifunguki, kontrola imekufa"

Kabla hujanunua nyingine, fanya jambo moja. Chomoa waya wa kanda iliyokufa, uweke kwenye tundu la kanda inayofanya kazi. Ikifunguka, kweli tundu lake la zamani lina shida. Isipofunguka, ugonjwa uko nje: waya umekatwa na jembe, au koili ya valvu imeungua. Mita ya fundi umeme ikisoma oma 20 hadi 60 kwenye koili, kwa kawaida ni nzima, ikisoma kama waya uliokatika, badilisha koili pekee. Kanda zote zikifa kwa pamoja, shuku waya wa pamoja, ule wenye herufi C. Viungo vilivyozungushiwa tepu nyeusi na kufukiwa ardhini huoza mapema, kuna viunganishi vyenye grisi vya kazi hiyo. Kuna pia valvu iliyozibwa na mchanga au chokaa: maji mengi ya visima vya hapa ni mazito, chujio kabla ya valvu ni lazima.

"Kitambua mvua kinapima udongo"

Hakigusi udongo. Ndani kuna visahani vinavyovimba vikilowa, vikivimba vinakata njia ya umeme wa valvu. Kikikaa chini ya paa la baraza hakitaona tone, kikikaa karibu na kinyunyizi kitaona mvua kila siku. Kikishakata njia hiyo, dalili yake ni ya kushangaza: kioo kinaonyesha kanda ya pili inamwagilia, dakika zinapungua, na hakuna maji. Na asiye na kitambua mvua ahakikishe kile kipande kidogo cha waya kinachounganisha matundu ya sensa hakijatolewa na mtu aliyedhani ni uchafu.

Kimebaki kitufe cha asilimia, kisichoguswa na wengi. Kinaongeza au kupunguza dakika za kanda zote kwa mpigo, bila kuandika upya. Tega ratiba yako kwa Oktoba, mwezi mkavu wenye joto, uiite 100. Juni na Julai kuna baridi, shusha mpaka 70 uone majani yanasemaje. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kama milimita 600 hivi kwa mwaka, kwa hiyo zikishika geuza kwenye OFF. OFF inazuia kumwagilia tu, saa inaendelea kutembea na umeme bado umo, usiguse nyaya kwa kuamini neno hilo.

Halafu usiisahau huko. Mkulima wa mtama anajua Februari inavyoweza kukata mvua wiki mbili tatu wakati mimea iko magotini. Mzee wa Iyumbu ameandika "FEB, WASHA" kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, "SAA 11 = 5".