Umevuka miaka 45 na unatafuta kazi: barua ya maombi ina kazi gani?

Hili swali naulizwa sana na watu waliokaa kazini muda mrefu alafu ghafla wamejikuta wanatafuta tena, kampuni imepunguza watu, au wamestaafu mapema wakaona kukaa tu nyumbani hakuwafai, au wamechoka na fani ya zamani. Wanauliza hivi hii barua bado inasomwa au niambatanishe CV tu yaishe? Mimi kazi yangu ni kuajiri, nimekaa HR miaka mingi na sasa natafutia makampuni watu, kwahiyo ntajibu kwa jinsi barua zinavyotumika kweli ndani ya ofisi, mambo ya semina tuyaache.

Kwanza tuambiane ukweli, mchujo wa kwanza barua haikusaidii chochote. Maombi yakiwa mengi yanaingia kwenye programu ya kupokelea maombi, hiyo programu inavuta vitu kwenye CV (cheo, tarehe, vyeti, maneno yanayofanana na ya kwenye tangazo) na barua inakaa pembeni kama kiambatanisho, ukitaka unafungua usipotaka unaacha. Bosi akitaka majina kabla ya jioni na mimi nina maombi mamia, sifungui. Kuna wenzangu wanasema wao wanasoma kila barua inayoingia, haya bwana.

Barua inaanza kufanya kazi mkishabaki wachache. Hapo tunakaa mimi na meneja anayehitaji mtu, pengine na mtu mwingine mmoja, tunapitia CV moja moja kuamua nani aitwe kwenye usaili. Ikifika zamu ya CV ya kijana wa miaka 26 hakuna maswali mengi, kasoma hiki, kafanya kazi pale mwaka mmoja na nusu, anataka kupanda, twende. Ikifika ya mtu wa miaka 52 chumba kinabadilika kidogo. Huyu alikuwa meneja, kwanini anataka nafasi ya ofisa? Hapa katikati kuna miaka mitatu haionekani, alikuwa wapi? Atakubali kuelekezwa na mtu mdogo kwake kiumri? Si atatukimbia akipata nafasi ya cheo chake? Mshahara huu atauweza kweli? Hayo maswali yanaulizwa na wewe haupo, na kama kwenye makaratasi yako hakuna jibu, watu wanajijibu wenyewe, na mtu akijijibu mwenyewe kuhusu mtu mzima asiyemjua mara nyingi anachagua jibu baya. Barua ndo kitu pekee ulichonacho ndani ya kile chumba.

Kwahiyo kabla hujaandika chochote isome CV yako kama mtu asiyekujua, alafu jiulize inazua swali gani. Kama haizui swali, yaani umekuwa mhasibu siku zote na unaomba uhasibu wa ngazi ileile, kwa kweli barua haitakuongezea sana, andika mistari michache ya adabu utume. Ila kama inazua swali, barua yako nzima iwe jibu la hilo swali, sio historia ya maisha.

Ngoja nikae kidogo kwenye hili la mtu anayeomba nafasi ya chini kuliko aliyowahi kushika, maana ndo linaloua maombi mengi ya watu wazima na wenyewe hawajui. Wanadhani mwajiri akiona cheo kikubwa atafurahi, kapata mtu wa maana kwa bei ndogo. Mwajiri haoni hivyo, anaona mtu aliyekwama anayetafuta pa kujishikiza. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba unaitaka hii kazi yenyewe na una sababu inayoeleweka. Kwa mfano: "Nimesimamia watu kwa muda mrefu na sasa nataka kurudi kwenye hesabu zenyewe. Nimeona nafasi hii haina usimamizi wa watu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya niiombe. Kiwango cha mshahara kilichotajwa nimekiona na nimekikubali." Sentensi tatu tu na zimeshaua maswali mawili matatu, meneja akisoma hapo bega linashuka. Linganisha na "niko tayari kufanya kazi yoyote mtakayonipangia", ambayo huyo mwandishi anadhani ni unyenyekevu ila msomaji anasikia mtu ambaye hajui anataka nini.

Pengo la miaka nalo ni hivyohivyo. Ulikuwa unauguza mzazi, ulikuwa unalea, uliumwa, biashara yako ilifungwa, taja kwa sentensi moja iliyonyooka alafu sentensi inayofuata iseme sasa hivi unafanya nini kinachohusiana na kazi unayoomba. Usieleze zaidi ya hapo, ukianza kueleza sana unaonekana unajitetea na hakuna aliyekushtaki. Habari ya kompyuta usiandike "ninajua kutumia kompyuta", hiyo sentensi yenyewe inakuzeesha, taja programu unayotumia na ulichoifanyia.

Kitu kingine ni mwanzo wa barua. Zikishapita zile za "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", barua nyingi za watu wazima zinaingia na "nina uzoefu wa zaidi ya miaka 30 katika..." na naelewa kwanini, miaka 30 ni jasho lako. Lakini msomaji idadi ya miaka kashaiona kwenye CV, na ndo ileile iliyomtia wasiwasi, sasa wewe unamkumbusha tena mstari wa kwanza. Anza na shida yake. Kuna barua maarufu sana ya kuombea kazi, ya Leonardo da Vinci kwenda kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, inakadiriwa ni ya mwaka 1482 hivi. Leonardo alikuwa bado kijana, kama miaka 30, ila angalia alivyoipanga. Jamaa ni mchoraji, lakini Sforza anawaza vita, kwahiyo barua inahesabu madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kukausha maji ya mahandaki, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa, na uchoraji na uchongaji anautaja kule mwishoni kabisa. Kwa mtu wa miaka 55 somo ni hilohilo, na ni gumu zaidi kwake kwasababu ana mengi ya kujivunia na inauma kuyaacha. Chagua mawili yanayogusa tangazo, mengine yataulizwa ukifika.

Sasa kuna watu watasoma hapa waseme wewe unatudanganya, tatizo ni umri na hakuna barua itakayobadilisha. Wana hoja. Marekani kuna watafiti, David Neumark na wenzake, walituma maombi ya kubuni zaidi ya 40,000 kwa waajiri wa kweli, sifa zinafanana ila umri unatofautiana, kuna wa miaka kama 30, kuna wa 50 hivi, kuna wa 65 hivi, na matokeo yakachapishwa 2019. Wanawake wakubwa walipigiwa simu chache kuliko vijana, na waliokaribia kustaafu ndo walioumia zaidi, kwa wanaume ushahidi haukuwa na nguvu hivyo. Na hiyo ni nchi ambayo tangu 1967 ina sheria ya kumlinda mwenye miaka 40 na kuendelea asibaguliwe kazini! Kwahiyo ndio, ubaguzi upo, na ukikukuta kule kwenye mchujo wa kwanza barua yako haijafunguliwa hata ifanye nini. Dawa ya hapo ni mtu wa ndani kukutaja jina, na mtu wa umri wako ana kitu ambacho yule wa 26 hana, amefanya kazi na watu wengi na baadhi yao sasa hivi ni mabosi. Ukishatajwa, barua ya kurasa haihitajiki, email yenyewe ndo barua: nani kakuelekeza, nafasi gani, jibu la lile swali ambalo CV yako inazua, basi.

Umri wenyewe usiutaje kwenye barua. Sio kuuficha, tarehe kwenye CV zitasema zenyewe (ingawa mwaka uliomaliza shule ya sekondari hauna haja ya kukaa pale). Tatizo ni kwamba kila ninapoukuta umetajwa unakuja na kuomba radhi, "ingawa umri wangu umesogea bado nina nguvu", na sentensi ya "bado nina nguvu" haijawahi kumshawishi mtu yeyote kwamba mwandishi ana nguvu.

Urefu, nusu ukurasa hadi robo tatu. Hizi barua za kutengenezwa na AI siku hizi zinakuja nyingi na zinafanana mno, zote "nimevutiwa sana na dira ya taasisi yenu", kwahiyo kama unaitumia itumie kusahihisha lugha tu, sababu zako ziandike mwenyewe. Na kama fomu ya maombi haina sehemu ya kuweka barua usiipachike kwa nguvu ndani ya CV, ila angalia vizuri, fomu nyingi zina kisanduku kidogo cha "maelezo ya ziada" ambacho watu wanakiacha wazi. Kile kinaingia sentensi zako tatu bila shida, na hicho mimi huwa nakisoma kwasababu kinatokea palepale kwenye ukurasa wa jina lako, sina haja ya kufungua kitu kingine.