Kabla ya kupangisha nyumba Mwanza, hesabu miezi ya chumba kitupu

Kijana anayeingia kwenye biashara ya nyumba za kupangisha hapa Mwanza huanza na hesabu moja: pango la mwezi mara 12. Ni hesabu tamu, na ndiyo iliyowaingiza wengi kwenye mikopo. Vijana wanaokuja kwetu kuomba ushauri, wawe madalali au wanaojenga vyumba vya kupangisha, huwa tunawaambia waipige upya, safari hii wakitoa kwanza miezi ambayo mlango utakuwa na kufuli na hakuna anayelipa.

Chukua mfano. Una nyumba nne za chumba na sebule ndani ya uzio mmoja Buswelu, kila moja shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200,000. Kiwanja na ujenzi vimekula milioni 60, kwa hiyo kwenye karatasi unapata asilimia 12. Sasa wapangaji wawili wanahama, na kila nyumba waliyoiacha inakaa miezi miwili bila mtu: 600,000 imekwenda. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango inaondoka na 660,000. Kunyonya choo, rangi, vitasa na mabomba, weka 700,000. Unabaki na 5,240,000, ambayo haifiki asilimia 9. Aliyejenga nyumba hiyo kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 atakuwa anatoa hela mfukoni kumalizia rejesho.

Kodi hiyo ya zuio hukatwa na mpangaji na kupelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), lakini ni mzigo wa mwenye nyumba, si nyongeza juu ya pango mlilokubaliana. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo mpangaji anaponunua umeme anakulipia deni lako. Liandikeni hilo kwenye mkataba mapema, maana mpangaji mwenye akili atakuuliza tu.

Miezi mitupu inatoka wapi? Wenye nyumba wengi watakwambia ni bei. Sisi tunaona mpangaji wa Mwanza anahamishwa zaidi na maji, umeme na choo. Mji huu umekaa juu ya mawe. Nyumba mbili zinazotazamana pale Mabatini au Igogo zinaweza kutofautiana kabisa: ya chini bomba linatiririka, ya juu mlimani maji yanapanda usiku wa manane, na siku nyingine hayapandi. Dalali anayejua kazi hampeleki mteja kabla hajafika mwenyewe jioni, wakati kila mtu mtaani anachota. Afungue bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja aone nguvu ya maji. Aulize majirani, si mwenye nyumba, maji yalitoka mara ya mwisho lini. Aangalie kama kuna simtanki na linajazwa na nani. Halafu aulize choo kinaishia wapi, kwa sababu penye mwamba shimo huwa fupi, hujaa haraka, na gari la majitaka halifiki kila kichochoro.

Umeme ni ugomvi wa pekee. Mita moja ya LUKU kwa wapangaji wanne, mmoja ana taa mbili, mwingine ana friza anagandisha barafu za kuwauzia watu wa samaki Mwaloni Kirumba. Mnagawana sawa? Kila tokeni itakuwa kesi, na atakayechoka kwanza ni yule mstaarabu uliyetaka abaki. Funga mita ndogo kwa kila nyumba kabla hujapaka hata rangi.

Wanaojenga Malimbe kwa kuwategemea wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wajue wanauza kwa msimu. Likizo ndefu ikifika, vyumba vinabaki na popo. Hapo hesabu yako iwe ya miezi tisa.

Kuna na hawa wanaotafuta kiwanja chenye upepo wa ziwa, Luchelele au Igombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usipime kwa hatua za mguu mwezi wa kiangazi. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda likaingia kwenye nyumba na mialo ya watu. Waulize wazee wa hapo maji yalifika wapi, ndipo upime.

Kwa kiwanja chochote, barua ya serikali ya mtaa haitoshi. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ujue hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuza, kuweka rehani au kupangisha. Mwenza aliyekaa kimya siku ya makabidhiano anaweza kuja na wakili mwezi unaofuata.

Nawe dalali, tatizo lako ni kwamba unalipwa mtu anapohama. Udalali wa pango la mwezi mmoja unakufanya utamani wapangaji wasikae, wakati mwenye nyumba anataka wakae miaka. Kijana mwenye malengo akate shauri mapema. Chukua leseni ya biashara na namba ya mlipakodi (TIN), kisha umwendee mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam au Geita umwombe umsimamizie nyumba zake kwa asilimia fulani ya pango linaloingia kila mwezi. Chumba kikikaa kitupu, nawe hupati, kwa hiyo utalikimbilia bomba linalovuja bila kusukumwa.

Pango lenyewe usilipokee mkononi. Mpangaji amlipe mwenye nyumba benki au kwa simu, wewe ubaki na nakala ya risiti. Mkataba uandikwe na ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, maana mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Kwa nyumba ya 150,000 ni shilingi 18,000.