Umeme wa maji kujaa na kupwa, mbona unakua polepole hivi?

Wengi wakisikia umeme wa bahari wanawaza mawimbi. Huu tunaouongelea hapa ni wa maji kujaa na kupwa, yanavyovutwa na mwezi na jua, na uzuri wake ratiba inajulikana miaka kabla. Upepo unaweza kukata ghafla, mawingu yakafunika jua, ila bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) la mwakani tarehe na saa tunazo tayari.

Sasa pamoja na hayo yote, umeme huu duniani sehemu kubwa unatoka vituo viwili tu, La Rance ya Ufaransa iliyofunguliwa 1966 ikiwa na megawati 240, na Sihwa ya Korea Kusini ya 2011 yenye 254. Yaani ilipita miaka 45 ndo rekodi ikavunjwa, tena kwa megawati 14!

Hiyo Sihwa nayo ina stori yake. Ukuta wa kuziba bahari ulishajengwa tangu 1994 ili wapate maji ya umwagiliaji, kumbe maji yakatuama, uchafu wa viwandani ukajaa humo, ikabidi bahari iruhusiwe kuingia tena, ndo wakaona kama ni hivyo basi tuweke tabaini 10 kabisa, yaani mitambo inayozungushwa na maji kutoa umeme. Maji yakijaa yanaingia yakizungusha tabaini, yakipwa milango inafunguliwa yanatoka, na ziwa linapata maji mapya. Ukuta ndo unaokula hela nyingi na wao walikuwa nao tayari, kwa hiyo anayetaka kuiga toka sifuri ajipange, na bado hajagusa ishu ya samaki na tope.

Ndo maana saivi wengi wamehamia kwenye tabaini za kuzamisha chini ya maji bila ukuta wowote. Mradi wa MeyGen kule Scotland ulianza na 4, kila moja megawati 1.5. Maji ni mazito kama mara 800 kuliko hewa, so panga fupi la tabaini linatosha, na mkondo ukienda kasi mara mbili nguvu inapanda mara nane, ndo maana wanagombania milango bahari myembamba. Shida ni chumvi, na kila kikiharibika kitu lazima meli ije na isubiri mkondo utulie, ambao hautulii kwa muda mrefu. Na maji mafu (siku maji hayajai wala kupwa sana) yakifika uzalishaji unashuka sana, hilo nalo linajulikana mapema, angalau waendesha gridi wanajipanga.

Bei bado iko juu kuliko upepo. Uingereza ilipoitengea teknolojia hii fungu lake kwenye mnada wa umeme, ambapo miradi inashindania mikataba ya kuuza umeme, matokeo ya 2022 yakatoka na miradi ya megawati kama 40, na kwa maoni yangu bila fungu hilo isingepata hata mmoja.