Je, wajua? Shamba linaweza kuzaa zaidi huku wenyeji wakiisha

Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 ilikuta watu zaidi ya 19,000 katika Kaunti ya Jewell, kaskazini mwa jimbo la Kansas. Sensa ya 2020 ikakuta 2,932. Nilipoziona tarakimu hizo mara ya kwanza nilikata shauri papo hapo: ardhi imechoka, watu wamekimbia njaa.

Sivyo. Ngano, mahindi, mtama na soya bado vinalimwa Jewell, na Kansas ingali miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa ngano nchini humo.

Kulikuwa na kosa la pili chini ya hilo la kwanza. Niliposikia “kaunti ya kilimo” nilidhani ni mahali ambapo wengi ni wakulima. Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika orodha yake ya 2015, iliihesabu kaunti kuwa tegemezi kwa kilimo ikiwa kilimo kilileta angalau asilimia 25 ya mapato ya kazi na biashara, au asilimia 16 ya ajira. Yaani kati ya kazi 100, kazi 84 zaweza kuwa za walimu, wauguzi, madereva na mafundi, na jina lisibadilike. Kaunti 444 ziliingia katika orodha hiyo, nyingi zikiwa kwenye nyanda za katikati ya nchi.

Sasa watu walikwenda wapi? Fikiria juya, wavu mkubwa wa kuvulia samaki, linalovutwa na watu ishirini ufukweni. Ikaja mashine ya kulivuta, wakabaki watatu. Samaki hawakupungua hata mmoja; waliopungua ni wavutaji. Lakini wale kumi na saba walikuwa pia wakinunua chumvi dukani na kupeleka watoto shule. Wakiondoka, duka hukosa wateja na darasa hukosa wanafunzi. Mwenye duka naye hufungasha, na mwalimu humfuata, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kushika kamba ya juya.

Ndivyo ilivyokuwa Jewell. Sheria ya 1862 iliwapa walowezi hadi ekari 160 kwa kaya, eneo lililoitosha familia yenye farasi. Trekta na mashine za kuvuna zilifanya familia moja iweze kulima ekari za majirani kumi. Ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 navyo viliwasukuma wengi, na kwa kuwa mambo haya yalipishana kidogo tu, ni vigumu kuipimia kila sababu fungu lake.

Kuna jambo moja lililonishangaza kuliko yote. Wanaohama zaidi ni vijana, na vijana ndio wanaozaa. Wakishaondoka kwa vizazi kadhaa, wazee huwa wengi na wanaokufa huwapita wanaozaliwa. Kaunti ikifika hapo, hata mwaka ambao hakuna aliyehama, hesabu ya watu hushuka.