Je, wajua kwa nini mashua ya matembezi Mombasa huchaguliwa maji yakipwa?

Mtu akitaka kununua chombo kidogo cha tanga, cha kutoka asubuhi na kurudi jioni na watu wa nyumbani, huanza kuuliza urefu, bei na mbio. Kwenye ziwa la bara maswali hayo yanatosha. Mombasa kuna swali linalotangulia yote: maji yakipwa, chombo changu kitakuwa wapi, na kitakaaje?

Kilindini, bandari kuu ya Mombasa, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, wala huenda usiitie maanani. Lakini bamvua likiingia, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hushuka zaidi ya mita 3, yaani kimo cha ukuta wa chumba kizima. Ufuo wa Nyali au Bamburi uliouona jana jioni mawimbi yakigonga ngazi za hoteli, asubuhi ni uwanja wa mchanga, majani ya bahari na mawe, na vyombo vimelala ubavu.

Na hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Bamvua la Mombasa lina saa zake, na hazibadiliki sana mwaka mzima. Maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Sababu ni kwamba bamvua hutokea jua na mwezi vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia, kwa hiyo kila bamvua mwezi huwa umesimama mahali pale pale ukilinganisha na jua, na saa ya jua ndiyo hiyo tunayovaa mkononi. Kisha kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, hata ikifika wiki ya maji mafu mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ingawa si kwa wingi ule. Kwa hivyo Jumapili ya bamvua, watoto wamekwisha kuvaa na mahamri yako kwenye kikapu, ndiyo saa hasa ambayo bahari ya ndani ya mwamba, yaani kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, imekauka. Mwenye mashua isiyoweza kuelea kwenye maji ya magoti atakaa ufuoni kungoja adhuhuri. Jedwali la maji la Kilindini hutolewa na Mamlaka ya Bandari Kenya, na anayejua kuhesabu siku za mwezi anaweza kukisia hata bila jedwali.

Sasa kina. Chombo cha tanga hakiwezi kuwa bapa tu chini kama sinia kisha kikaenda popote. Upepo ukitoka nyuma, sawa, chochote kitasukumwa. Ukitoka ubavuni, tanga husukuma chombo kwenda pembeni na pia mbele, na lazima pawe na kitu ndani ya maji cha kukataa ule msukumo wa pembeni. Bila hicho, kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, haiwezekani: utageuza upande huu na ule mchana kutwa na bado ufuo wa nyumbani unazidi kuwa mbali. Vyombo vikubwa hutegemea mkuku wenyewe, ule uti wa chini ya chombo. Mashua nyingi za matembezi za kigeni hufungwa mkuku mzito wa chuma au risasi unaoshuka mita moja na zaidi, na uzito wake ndio unaozizuia kupinduka. Ni vyombo vizuri sana kwa mahali penye gati na maji marefu. Ndani ya mwamba wa Bamburi ni balaa: maji yakipwa mkuku hugota, chombo huinama, na wimbi dogo linalofuata hukipigisha ubavu juu ya jiwe.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni ubao wa katikati unaopandishwa. Ziko namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko wauzaji wanavyosema. Namna ya kwanza ni ubao unaochomekwa wima kwenye tundu, kama ule wa Laser, mashua ndogo ya kisasa. Ni mwepesi na rahisi, lakini ukigonga jiwe hauna pa kwenda: ama unavunjika, ama unapasua tundu lake. Namna ya pili ni ubao uliotundikwa kwenye pini moja, ukigonga unajikunja kwa nyuma na kuingia ndani ya kasha lake, kisha unaushusha tena kwa kamba. Mfano unaojulikana ni Wayfarer, mashua ya mita 4.82 iliyochorwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Ubao ukiwa chini hufika kina cha mita 1 na zaidi kidogo. Ukipandishwa, maji ya sentimita 20 hivi yanatosha mashua kuelea. Usidhani ni chombo cha kuchezea kidimbwini, maana Frank Dye aliichukua moja ya aina hiyo kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963. Lakini angalia na usukani. Ubao unaopanda hauna faida ikiwa usukani umefungwa imara na unashuka chini zaidi yake.

Wapo walioukwepa ubao kabisa. Hobie 16, ya magogo mawili na wavu wa kukalia katikati, iliyobuniwa California karibu mwaka 1970, haina ubao. Kila gogo limebinuka upande wa ndani na kunyooka upande wa nje, na umbo hilo ndilo linaloshika maji. Unaisukuma kutoka mchangani na kuondoka. Ni ya mbio, na inalowesha. Chakula hakina mahali pakavu, na bibi aliyevaa buibui hatakushukuru.

Na ngalawa yetu? Hiyo nayo ilijibu swali lile lile zamani. Gogo lake, mara nyingi la mwembe, ni jembamba mno kusimama na tanga peke yake, maana upana wake hauwezi kuzidi upana wa mti. Badala ya kuongeza uzito chini, wakaongeza upana juu: matengo mawili, yaani mbao za kuelea pembeni, moja kila upande. Upepo ukiinamisha chombo, tengo la demani, yaani upande upepo unakoelekea, linakandamizwa majini na kukirudisha. Hakuna farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, hakuna chuma, na chombo kinaelea kwenye maji ambayo kuku angevuka. Kwenye bisho ngalawa haina nguvu kama ya mashua yenye ubao. Huteleza kwenda demani, na mwenyewe anajua hivyo na kupanga safari yake kwa upepo.

Kinachowashinda wanaoanza si matengo, ni tanga. Foromali, ule mti unaobeba tanga, hutundikwa upande mmoja wa mlingoti, na ukitaka kubadili upande wa upepo inabidi ipitishwe mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake. Ndiyo maana nahodha wa tanga la pembe tatu hapendi kuukata upepo kwa omo, yaani mbele ya chombo. Huzungusha chombo tezi, yaani nyuma yake, ikiwa kwenye upepo, huku baharia wake akihamisha foromali na joshi, kamba ya pembe ya mbele ya tanga. Kwa watu wawili waliozoeana ni kazi ya nusu dakika. Kwa mtu na mkewe waliotoka ofisini Ijumaa, upepo ukiwa mkali, ni ugomvi. Tanga la kisasa lililofungwa nyuma ya mlingoti hujihamisha lenyewe. Unachotakiwa ni kuinamisha kichwa ule mti wa chini usikupige. Kama utaendesha peke yako, au na watoto, sioni haya kusema chukua hilo la kisasa, na ngalawa uipande na mwenye kuijua.

Uzito watu huusahau mpaka siku ya kwanza. Laser tupu ina kilo 59, watu wawili wanaibeba. Wayfarer inapita kilo 160, na hiyo ni kabla ya mlingoti, tanga, nanga na kikapu. Maji yakiwa yamejaa si kitu, hatua chache umeelea. Yakipwa, mchanga wa kuivuta ni mrefu na laini, na vijana wa ufuoni wana bei zao. Nunua na kigari cha magurudumu mapana, yale membamba hudidimia.

Halafu hesabu watu. Usisafirie nyota ya mwenzio: jirani anayesifu Laser yake pengine huenda peke yake, amevaa kaptura, na anapenda kulowa. Laser ni ya mtu mmoja. Familia ya watano yataka mashua yenye kingo za juu za kuketia ndani, si juu ya kibao, na yenye matangi ya hewa yaliyofungwa ili ikipinduka isizame na watu wazima wawili waweze kuisimamisha kwa kukanyaga ule ubao wa katikati. Muulize mwenye chombo akuonyeshe jinsi inavyosimamishwa, papo hapo, majini. Ndani ya mwamba kuna tatizo lake pia: maji ni mafupi, na chombo kikigeuka kabisa ncha ya mlingoti hudunga matope na kukwama. Boya dogo juu ya mlingoti huzuia hilo, na ni la bei nafuu kuliko mlingoti.

Pepo nazo zina neno. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ndio msimu wa wanaojifunza. Kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, huvuma kwa nguvu zaidi, na katikati yake bahari ya nje si ya mashua ndogo. Pepo zote mbili, kwa jinsi pwani yetu ilivyolala, zina mwelekeo wa kutoka baharini. Ndani ya mwamba hiyo ni heri, maana kamba ikikatika utasukumwa mpaka ufuoni, utafika umeaibika lakini mzima. Nje ya mwamba upepo ule ule utakusukuma juu ya mwamba wenyewe. Chagua chombo ambacho tanga lake linapunguzika, na ujue kulipunguza kabla hujatoka.

Mwamba wenyewe hulinda zaidi maji yakiwa machache. Maji yakijaa mawimbi huupita juu na bahari ya ndani huchafuka, kwa hivyo mchana mzuri mara nyingi ni ule wa katikati, maji ya kutosha kuelea na mwamba bado umejitokeza. Hori za Tudor na Mtwapa, yaani mikono ya bahari iingiayo bara, hutulia wakati nje kumechafuka, ila zina mkondo: maji yakitoka kwa kasi na upepo ukiingia, mlangoni mawimbi husimama mafupi na makali, na chombo kidogo hujaa maji upesi. Mikoko nayo hukata upepo. Usiende bila makasia, hata kama una mashine, na pima mlingoti wako kabla ya kulisogelea daraja.

Kuna imani kwamba chombo cha tanga hupishwa na wote. Si kweli Kilindini. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zinasema chombo cha tanga, na chombo chochote kilicho chini ya mita 20, kisizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya mkondo mwembamba. Meli ya makontena haiwezi kukukwepa, wala kusimama upesi. Feri za Likoni nazo hukatiza hapo mchana kutwa. Chombo kinachopoteza upepo na kukwama katikati ya njia hiyo hakifai hapo, na kwa sababu hiyo mimi ningekaa upande wa Nyali. Vyombo vidogo hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari Kenya, na jaketi za kuokolea ziwe za kumtosha kila mtu kwa kimo chake. Ya baba haimshiki mtoto.

Mbao au faiba? Mbao ni nzuri kuangalia na mafundi wapo, lakini zataka kalafati, yaani kuzibwa nyufa, na wadudu wa baharini hutoboa mbao zinazolala majini, ndiyo sababu wazee waliinamisha vyombo ufuoni kuvichoma kwa moto wa makuti na kuvipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kwa zamu. Faiba haitobolewi, ila matumbawe huikwaruza na jua huipausha. Chombo kinachokaa nchi kavu juma zima na kutumika Jumapili, faiba inakifaa zaidi.

Ukienda kukagua cha kununua kilichotumika, nenda maji yakiwa yamekupwa, kikiwa mchangani. Mwombe mwenyewe akigeuze. Tazama ukingo wa chini wa ubao na midomo ya kasha lake, kwani huko ndiko mawe yalikopiga. Kiraka kipya kilichopakwa rangi isiyolingana kidogo ni cha kuulizwa. Tikisa usukani kwenye bawaba zake. Fungua vifuniko vya matangi ya hewa uingize mkono: pakiwa na maji ya chumvi ndani, kuna ufa mahali. Kisha kaa naye chini ya mwembe mpaka maji yarudi, upakie watu unaotaka kwenda nao kweli, na mwende bisho hadi karibu na mwamba na kurudi kabla hujataja bei.