Maskati si Dubai ndogo: dhana potofu na ukweli kuhusu vivutio vya mji mkuu wa Omani

Kwa mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki, Maskati si jina geni. Limo katika haluwa, katika masimulizi ya majahazi yaliyoletwa na pepo za kaskazi, na katika nasaba za familia nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Ukaribu huo ndio unaotuponza, kwa sababu tunadhani tunaujua mji ambao wengi wetu hatujauona. Anayebahatika kufika huko kwa siku 2 au 3, pengine akiwa njiani kwenda kwingine, huzipoteza kwa kutafuta vitu ambavyo havipo, akaondoka bila ya kuviona vilivyopo. Makala haya yanazipima dhana zinazosikika zaidi, na kueleza hali ilivyo.

Dhana: Maskati ni Dubai ndogo, na mji usio na maghorofa marefu hauna cha kutazamwa.

Ufupi wa majengo ya Maskati si dalili ya mji uliochelewa. Ni uamuzi uliofanywa na kusimamiwa. Katika ujenzi mkubwa uliofuata mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said alipoanza kutawala, kimo cha nyumba na rangi za kuta viliwekewa kanuni, na ndiyo maana mji unaonekana mweupe na wa rangi ya maziwa, umetandaa baina ya bahari na milima bila ya jengo moja kuyafunika mengine. Milima yenyewe ni kivutio ambacho wageni wengi hukipita bila ya kukitambua. Majabali ya rangi ya giza yanayoizunguka Matrah na mji wa kale ni sehemu ya sakafu ya bahari, iliyoumbika takriban miaka milioni 95 iliyopita na baadaye kusukumwa juu ya nchi kavu. Wanajiolojia hutoka mbali kuja kuyatazama, kwa kuwa ni mahali pachache duniani ambapo mwamba wa namna hiyo umekaa wazi kwa upana kiasi hicho. Aliyekwenda Dubai kwa ajili ya vilivyojengwa aje Maskati kwa ajili ya namna majengo yalivyokubali kukaa chini ya milima.

Dhana: Vivutio vyote viko pamoja, na mji unatembeleka kwa miguu.

Jina Maskati hubeba maana zaidi ya moja. Maskati ya asili ni mji mdogo wa kale uliozungushiwa ukuta, ulioko katika hori lenye majabali pande zote. Jirani yake ni Matrah, yenye bandari na soko. Mkoa mzima wa Maskati una wilaya 6, ikiwemo Bausher, ulipo Msikiti Mkuu, na Sib, ulipo uwanja wa ndege. Kutoka uwanja huo hadi Matrah ni safari ya zaidi ya kilomita 30. Mtu anayekodi chumba karibu na uwanja wa ndege akitaraji kushuka sokoni kwa miguu atashangaa. Ushauri wangu ni kuigawa siku: asubuhi ya mapema iwe ya msikiti, halafu mji wa kale na makumbusho, na jioni iachiwe Matrah. Mabasi ya umma yapo na yanafika Matrah na mji wa kale, ingawa kwa mwenye muda mchache teksi hurahisisha mambo. Kutembea kwa miguu kunafaa ndani ya kila eneo, hasa kwenye barabara ya ufukweni ya Matrah inayoelekea bustani ya Riyam, ambako juu ya kilima kimesimamishwa chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana kutoka mbali.

Dhana: Kasri la Al Alam ndimo anamoishi Sultani, mgeni akilipa kiingilio hulizuru, na ngome mbili za pembeni yake zilijengwa ili kulilinda.

Hapa pana makosa 3 katika sentensi moja. Kasri la Al Alam, lenye nguzo za buluu na dhahabu, limepata sura yake ya sasa mwaka 1972, na kazi yake ni shughuli rasmi za dola, kama vile kupokea viongozi wa nchi nyingine. Halizuriwi ndani. Mgeni hulitazama na kulipiga picha kutoka kwenye milango na uwanja ulio mbele yake, na hilo halina kizuizi.

Ngome za Al Jalali na Al Mirani zina umri mkubwa zaidi kuliko kasri hilo. Wareno waliishambulia na kuiteka Maskati mwaka 1507 wakiongozwa na Afonso de Albuquerque. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walipouvamia mji katika karne hiyohiyo, Wareno wakaziimarisha ngome hizo mbili katika miaka ya 1580 ili kuilinda bandari dhidi ya mashambulizi ya kutoka baharini. Tarehe hizo zinatugusa moja kwa moja, kwa sababu Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na dola ileile, kwa hofu ileile. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi aliwatoa Wareno Maskati. Vita hivyo havikuishia hapo. Watu wa mwambao wetu waliomba msaada kwa Waomani, na mwaka 1698, baada ya mzingiro wa karibu miaka 3, Ngome ya Yesu nayo ikaanguka mikononi mwao. Aliyewahi kusimama juu ya kuta za ngome ya Mombasa, kisha akasimama chini ya Al Jalali, anatazama ncha mbili za habari moja, na kwangu mimi hilo lina thamani kubwa kuliko picha yoyote ya kasri.

Al Jalali ilikuwa jela hadi miaka ya 1970, na si mahali pa kwenda kwa kutegemea kwamba utaingia. Ngome hizi huonekana vizuri zaidi kutoka ufukweni, nyuma ya kasri. Anayetaka kupanda ngazi na kutazama bahari kutoka juu aende kwenye ngome ya Matrah, ambayo nayo ni ya wakati wa Wareno.

Hapohapo, ukiupa mgongo uso wa kasri, unakabiliana na Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Watu wengi huyaacha mwisho, wakafika wamechoka. Mimi ningeyaweka mwanzo, kwa kuwa ndani yake mna kumbi zinazoeleza ubaharia, silaha, ngome na uhusiano wa Omani na nchi nyingine, na baada ya kupita humo majengo ya nje huanza kusema. Mwenye hamu zaidi aongeze Bait Al Zubair, makumbusho ya familia yaliyofunguliwa mwaka 1998, yenye mavazi, mapambo ya fedha na majambia.

Dhana: Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos ni wa Waibadhi peke yao, asiye Mwislamu haingii, na zulia lake ndilo kubwa kuliko yote duniani.

Waomani wengi ni Waibadhi, wafuasi wa madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Kisuni wala ya Kishia, na hili linawafanya baadhi ya wageni Waislamu kutoka kwetu kusita. Hakuna sababu ya kusita. Mwislamu wa madhehebu yoyote huswali humo pamoja na wenzake, na nchini Omani Waibadhi, Wasuni na Washia kuswali katika msikiti mmoja si jambo la ajabu. Asiye Mwislamu naye huruhusiwa kuutembelea, kwa kawaida kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Wanawake hufunika nywele, mikono na miguu, na wanaume huvaa suruali ndefu. Anayefika saa 4 na nusu huwa amechelewa, kwa sababu uwanja, kumbi na matao ya nje peke yake vinahitaji zaidi ya saa moja.

Msikiti ulifunguliwa mwaka 2001. Ukumbi mkuu huchukua waumini 6,500, na eneo zima huchukua takriban 20,000. Mnara mkubwa una urefu wa mita 90, na minara mingine 4 ni mifupi zaidi. Idadi hiyo ya 5 hufasiriwa kuwa ishara ya nguzo za Uislamu. Kuhusu zulia, lile lililofumwa kwa mkono nchini Irani kwa miaka 4, lenye urefu wa mita 70, upana wa mita 60, uzito wa tani 21 na mafundo bilioni 1.7, liliwahi kuwa kubwa kuliko mazulia yote ya kipande kimoja. Baadaye lilipitwa na zulia la Msikiti wa Sheikh Zayed wa Abu Dhabi. Kupitwa huko hakulipunguzii kitu. Kinachostahili kutazamwa ni kazi ya mikono: rangi 28, na ufundi wa wanawake waliofunga mafundo hayo moja baada ya jingine. Inua pia macho uitazame thurea, taa kubwa ya kuning'inia iliyo chini ya kuba, yenye urefu wa mita 14.

Ifahamike vilevile kwamba msikiti huu haufanani na misikiti ya kale ya Kiibadhi. Hiyo ilikuwa midogo, isiyo na mapambo mengi, na aghalabu bila ya minara mirefu, kama ile inayoonekana hadi leo Unguja. Anayeondoka akidhani ameona usanifu wa jadi wa Omani amekosea. Ameona kazi ya kisasa iliyokusanya ufundi wa nchi nyingi za Kiislamu.

Dhana: Kila kinachouzwa katika soko la Matrah kimetengenezwa Omani, na soko liko wazi mchana kutwa.

Soko la Matrah ni la zamani kweli, na vichochoro vyake vilivyoezekwa viliwahi kulipa jina la Soko la Giza. Lakini shali nyingi hutoka India, na vinyago na vikumbusho vingi hutengenezwa viwandani katika nchi za mbali. Vitu vya Omani vipo, ila yafaa kuuliza. Vipo vyombo na mapambo ya fedha, yapo majambia, na ipo haluwa inayopikwa kwa sukari, wanga, samli, zafarani, iliki na maji ya waridi, ambayo mtu wetu akiionja hahitaji maelezo. Kofia ya Kiomani, inayoitwa kumma, inafanana sana na kofia zetu za viua. Zilizoshonwa kwa mkono ni za bei kubwa, na za mashine ni rahisi.

Bidhaa yenye sifa kuliko zote ni ubani. Hata huo hauoti Maskati. Mti wake humea Dhofar, kusini kabisa mwa nchi, ambako gome hukwanguliwa na utomvu kuachwa ugande. Ule unaoitwa hojari, mweupe au wenye kuelekea kijani, ndio unaothaminiwa zaidi, na muuzaji mwaminifu atakuchomea kidogo uunuse kabla hujalipa. Maduka mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena karibu saa 10 alasiri, na asubuhi ya Ijumaa soko huwa kimya. Wakati wake ni baada ya magharibi. Karibu na soko, kwenye barabara ya ufukweni, zipo nyumba zenye roshani nzuri za mtaa wa Walawati, jamii ya Waomani wenye asili ya Bara Hindi. Huo ni mtaa wa watu wenye lango lake, na mgeni haingii bila ya kualikwa.

Dhana: Mwezi wa Julai Maskati huwa ya kijani na yenye ukungu.

Picha hizo ni za Salalah, mji wa Dhofar ulio takriban kilomita 1,000 kutoka Maskati, ambako pepo za kusi huleta manyunyu kati ya Juni na Septemba. Maskati katika miezi hiyo joto la mchana huvuka nyuzi 40 mara kwa mara. Miezi mizuri ni kuanzia Novemba hadi Machi.

Dhana: Jahazi lililowekwa karibu na hoteli ya Al Bustan ni la Sindbad mwenyewe.

Sindbad ni baharia wa hadithi za Alfu Lela u Lela. Jahazi hilo linaitwa Sohar na lilijengwa mjini Sur mwaka 1980 kwa ajili ya msafiri Mwingereza Tim Severin, aliyetaka kuhakikisha kwamba chombo cha zamani cha Kiarabu kingeweza kufika China. Lilitoka Maskati mwishoni mwa mwaka huo na kufika Canton katikati ya mwaka 1981. Kinacholifanya listahili safari ya teksi ni kwamba halina misumari: mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Huo ndio ufundi wa mtepe, chombo cha kale cha Lamu, na kwa kuwa mtepe haupo tena baharini, mtu wa kwetu asiyepata kuuona anaweza kuufikiria akiwa amesimama mbele ya Sohar.

Dhana: Maskati kila mtu anajua Kiswahili.

Lugha rasmi ni Kiarabu, na katika maduka utasikia pia Kihindi, Kibalushi na Kiingereza. Hata hivyo Kiswahili kipo, na kina historia inayojulikana. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Alipofariki mwaka 1856 wanawe walitawala pande mbili tofauti, na mgawanyo huo ukathibitishwa mwaka 1861. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar, na baada ya 1970 nyingi kati yake zilikaribishwa Omani, zikaingia katika elimu, utabibu na ofisi za serikali. Kwa hiyo Kiswahili utakikuta majumbani, katika baadhi ya mikahawa inayouza mandazi, na kwa mzee aliyekaa barazani. Si adabu kumwanza mtu kwa Kiswahili kwa sababu tu ya sura yake. Toa salamu ya Kiarabu, useme unakotoka, na umwachie mwenyeji achague lugha. Mara nyingi jina la Unguja, Tanga au Mombasa likishatajwa, kikombe cha kahawa na kisahani cha haluwa hufuata.